Farasi bila kadi ya chanjo ni mchezaji asiye na leseni

JIONI ikiingia na maji yakipwa, mchanga wa Kendwa na Nungwi, kaskazini mwa Unguja, unageuka uwanja. Vijana wanachomeka miti miwili, goli tayari, mechi inaanza. Pembeni yao farasi waliotandikwa wanapita taratibu wakiwa na watalii mgongoni. Simu zinatolewa, picha zinapigwa. Wachache sana wanauliza swali ambalo Ulaya huulizwa mapema kabla farasi hajakanyaga uwanja: kadi yake ya chanjo iko wapi?

Kwa shabiki wa soka hili si jambo geni. Mchezaji anaweza kuwa fundi wa mpira kiasi gani, leseni yake ikiwa na kasoro anakaa jukwaani. Kwa farasi, leseni ni chanjo. Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi (FEI) linataka farasi awe amechanjwa mafua ndani ya miezi 6 na siku 21 kabla ya kuingia mashindanoni, na asiwe amedungwa sindano hiyo ndani ya siku 7 kabla ya kufika. Rekodi ikikosekana, bingwa au si bingwa, anageuzwa.

Mafua yalivyosimamisha mbio

Ukali huo una sababu. Februari 2019, Uingereza ilisimamisha mbio zote za farasi kwa siku sita baada ya mafua kugundulika. Farasi wa kwanza kukutwa nayo walikuwa wameshachanjwa, wengine wakaanza kusema chanjo ni kupoteza pesa tu. Hapana. Chanjo ni kama beki mzuri: hakuhakikishii kutofungwa, lakini anakupunguzia mabao. Farasi aliyechanjwa huugua kidogo na hutoa virusi vichache vya kuambukiza wenzake.

Linganisha na Australia mwaka 2007. Kule farasi hawakuwa wakichanjwa mafua, maana maradhi hayo hayakuwahi kuota mizizi nchini humo. Yalipopenya mwezi Agosti, makumi ya maelfu ya farasi waliugua katika majimbo ya New South Wales na Queensland. Mbio kubwa za msimu huo mjini Sydney zikafutwa. Timu ilikuwa haina beki hata mmoja.

Pwani inayajua machungu haya

Farasi si mgeni Unguja. Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa 1844 katika jumba la Mtoni, nje kidogo ya Mji Mkongwe, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1886 namna watoto wa Sayyid Said walivyokuwa wakipanda farasi. Lakini pwani hii ya Afrika Mashariki haikuwa rahisi kwa mnyama huyo.

Mwaka 1571 jeshi la Wareno chini ya Francisco Barreto lilifika Sena, kwenye Mto Zambezi, mahali walipokuwa wakiishi wafanyabiashara Waislamu wa pwani. Farasi wa jeshi wakaanza kufa, na askari pia. Wareno wakadai Waislamu wale wamewawekea sumu, wakawaua kikatili. Leo wanahistoria wanaona waliowamaliza farasi wale ni maradhi yanayoletwa na wadudu. Watu walikufa kwa kosa la inzi.

Mmoja wa wadudu hao ni mbung'o, anayeeneza nagana. Nagana haina chanjo, lakini hapa Unguja ilipigwa kwa mbinu nyingine kabisa. Kati ya 1994 na 1997, mbung'o madume waliofugwa Tanga na kuhasiwa kwa mionzi walimwagwa kwa ndege juu ya kisiwa, mamilioni yao. Majike waliopandana nao hawakuzaa. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa 1996, na Unguja ikawa huru. Ushindi wa ugenini, tena bila penalti!

Usubi ndiye mpinzani aliyebaki

Sasa hapo ndipo kimbembe kinapoanza. Yupo mdudu mwingine, mdogo kuliko mbu: usubi. Huyu ndiye anayebeba virusi vya maradhi ya farasi wa Afrika. Farasi anapata homa, macho na uso vinavimba, mapafu yanajaa maji, povu linatoka puani. Katika hali mbaya zaidi, wanaopona kati ya 100 hawafiki hata 10. Dawa ya kutibu hakuna.

Chanjo ipo. Ile inayotengenezwa Onderstepoort, Afrika Kusini, hutolewa kwa chupa mbili zilizopishana wiki tatu, kwa sababu virusi hivyo vina aina tisa na kila chupa ina kikosi chake. Baada ya sindano farasi anatakiwa apumzishwe, asikimbizwe. Mwenye farasi anayemrudisha ufukweni kesho yake kwa sababu wateja wamejaa, anafanya kosa la kocha anayemwingiza uwanjani majeruhi.

Kazi nyingine ni baridi. Chanjo nyingi za wanyama zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8. Ikivushwa kwa boti kutoka Dar es Salaam bila kisanduku cha barafu, inayofika Malindi inaweza kuwa maji tu. Kadi itagongwa muhuri, farasi atabaki mtupu.

Punda naye asisahaulike

Wapo wanaodhani mambo haya ni ya matajiri. Wamwangalie punda anayevuta gari la mchanga ng'ambo ya mji. Punda anaweza kubeba virusi vya maradhi ya farasi bila kuonesha dalili, usubi akamuuma, kisha akahamia kwa farasi wa jirani. Naye punda ana hatari yake mwenyewe: msumari mmoja kwenye kwato unatosha kumwingizia tetanasi. Waswahili waliuita ugonjwa huo pepopunda, na si ajabu, kwani farasi na punda huathirika nao vibaya. Sindano mbili zilizopishana wiki nne hadi sita, kisha za kukumbushia, zinamkinga.

Majirani wa Lamu, ambako mbio za punda ni sehemu ya sherehe za Maulidi, wana zahanati ya punda tangu miaka ya 1980. Walishajua kwamba mshindi wa mbio ni yule yule anayebeba mawe na saruji siku ya pili. Akifa, haijafungwa timu tu, limefungwa jiko la nyumba nzima.

Kwa hiyo wadau wanaopanga resi yoyote Unguja, ya farasi au ya punda, wana kanuni moja rahisi ya kuanzia: asiye na kadi hapangiwi namba. Na mtalii au mwenyeji anayetaka kupanda farasi pale Kendwa, kabla ya kuuliza bei ya nusu saa, aulize kwanza farasi alichanjwa lini.