Mpangaji wa Mji na Mpangaji wa Nyumba: Ustawi Kandokando ya Vituo vya Reli

Utangulizi

Kitenzi "kupanga" kina maana mbili zinazokutana mjini. Mpangaji ni mtaalamu anayeamua kitakachojengwa na mahali pa kukijenga. Mpangaji vilevile ni mtu anayelipa kodi ya nyumba au duka kila mwezi. Pale ambapo reli ya abiria inajengwa, watu hawa wawili huathiriana sana, ingawa ni nadra kwao kuketi meza moja. Makala hii inakusudia kueleza namna ustawi wa mji unavyoweza kupangwa kwa kuvizingatia vituo vya reli. Mfano unaorejelewa ni Arlington, kaunti ndogo ya jimbo la Virginia nchini Marekani, iliyo ng'ambo ya mto Potomac kutoka jijini Washington.

Uamuzi kuhusu njia

Reli ya Metro ya Washington ilianza kuwabeba abiria mwaka 1976. Katika matayarisho yake, ilipendekezwa kwamba tawi la kuelekea magharibi lipite katikati ya barabara kuu ya I-66, ambayo wakati huo haikuwa imekamilika. Pendekezo hilo lilikuwa na unafuu wa gharama, kwa kuwa njia ya barabara na ya reli zingetumia ukanda mmoja wa ardhi. Hata hivyo, viongozi wa Arlington walilipinga. Walitaka reli ichimbiwe chini ya mtaa wa zamani wa biashara, kutoka Rosslyn hadi Ballston, ambako maduka yalikuwa yakidorora baada ya wateja kuvutiwa na vituo vipya vya biashara vitongojini. Hoja yao ilikubaliwa. Kituo cha Rosslyn kilifunguliwa mwaka 1977, na vile vya Court House, Clarendon, Virginia Square na Ballston vikafuata Desemba 1979.

Hesabu ya hatua

Uzito wa uamuzi huo unadhihirika kwa hesabu nyepesi. Mtu mzima hutembea takriban mita 400 kwa dakika tano na mita 800 kwa dakika kumi. Duara lenye nusu kipenyo cha mita 400 lina eneo la hekta 50 hivi. Nusu kipenyo kikiwa mita 800, eneo hufikia hekta 200. Hiyo ndiyo ardhi ambayo wakazi wake wanaweza kukifikia kituo kwa miguu. Kituo kikiwekwa katikati ya barabara kuu, sehemu muhimu ya duara hilo, tena ile iliyo karibu zaidi, humezwa na magari, kelele na madaraja ya kuvukia. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1986, reli hiyohiyo ilipoendelezwa kutoka Ballston hadi Vienna na kupitia katikati ya I-66. Vituo hivyo viliwategemea sana abiria wanaofika kwa magari yao na kuyaegesha.

Mfano wa shabaha

Katika ukanda wa Rosslyn na Ballston, kaunti ilitumia mpango unaofanana na shabaha ya mlenga mishale. Majengo marefu na yenye watu wengi yaliruhusiwa karibu na mlango wa kituo; kadiri mtu alivyosogea mbali ndivyo kimo kilivyopungua, hadi kufikia mitaa ya nyumba za familia mojamoja, ambayo wenyeji waliahidiwa kwamba haitaguswa. Ahadi hiyo ndiyo iliyopunguza upinzani wao.

Aidha, kila kituo kilipewa dhima yake. Rosslyn palikuwa mahali pa ofisi. Court House pakawa makao ya serikali ya kaunti. Clarendon pakahifadhiwa kwa maduka na mikahawa. Virginia Square pakatengewa makazi na elimu. Na Ballston pakakusudiwa kuwa kitovu kipya cha mji. Mchanganyiko huu ulihakikisha kwamba treni hazijai upande mmoja asubuhi na kurudi tupu. Mjenzi aliyetaka kuzidisha ghorofa alilazimika kujadiliana na kaunti, naye akatoa kitu kwa faida ya umma: njia pana za miguu, bustani, au mchango mwingineo.

Waliohama

Mafanikio hayo hayakumnufaisha kila mtu. Baada ya Saigon kuanguka mwaka 1975, wakimbizi wengi kutoka Vietnam walifika Arlington. Wakati huo ujenzi wa reli ulikuwa umewafukuza wateja mtaani Clarendon, na kodi za maduka zilikuwa zimeshuka. Wakimbizi waliyakodi maduka hayo, wakauza vyakula, vitambaa na vito, hata mtaa ukaitwa Saigon Ndogo. Kituo kilipofunguliwa, thamani ya ardhi ilipanda, na kodi nazo zikapanda. Katika miaka ya 1980 wafanyabiashara wengi walifunga au kuhama. Baadhi walihamia Eden Center, eneo la maduka lililofunguliwa mwaka 1984 huko Falls Church, mbali na mlango wa kituo.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuwa reli, lakini aliyeuhuisha mtaa ulipokuwa taabani hakupona. Chanzo hakikuwa reli yenyewe. Mpango ulitaja kimo cha majengo, upana wa njia na matumizi ya ardhi, bali haukumkinga mpangaji wa duka dhidi ya kupanda kwa kodi. Katika miaka ya 2000 kaunti iliwawekea wajenzi masharti ya kuchangia nyumba za bei nafuu, lakini wakati huo Saigon Ndogo ilikuwa imekwisha kusambaratika.

Hitimisho

Mfano wa Arlington unafunza mambo matatu. Kwanza, mahali pa kituo huamua manufaa yake kabla ya treni ya kwanza kupita. Pili, reli na matumizi ya ardhi hupangwa kwa pamoja. Tatu, ulinzi wa wenye kipato kidogo unapaswa kuandikwa mapema, ardhi ikiwa bado rahisi, kwani asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, suala hili lina upande wa lugha pia. Neno "msongamano" hutumiwa kwa foleni za magari, kwa wafungwa gerezani na kwa wingi wa wakazi katika hekta moja. Mwananchi akilisikia barazani, huona kero tu. Nchini Kenya, ambako kituo cha Syokimau kilifunguliwa mwaka 2012 ili kuhudumia treni za abiria wa Nairobi, mijadala ya aina hii inahitaji istilahi zinazotofautisha wingi uliopangwa na mbanano uliojitokea wenyewe. Mpangaji wa nyumba hawezi kuitetea haki yake katika mpango ambao lugha yake haielewi.