Kazi Isiyolipwa katika Vyama vya Wataalamu wa Lugha

Kila chama cha wataalamu wa lugha kina kazi zisizo na mshahara. Mmoja huandika kumbukumbu za mikutano, mwingine hukusanya ada, na wa tatu husoma miswada ya jarida usiku, baada ya kusahihisha insha za wanafunzi wake. Mhadhiri kijana anapoombwa kuwa katibu hujiuliza kazi hiyo itamletea nini, naye ana haki ya kujiuliza, kwani aghalabu cheo hupandishwa kwa machapisho na wala si kwa barua za chama. Madhumuni ya makala haya ni kueleza faida za kujitolea huko kwa kuchunguza mfano ambao historia yake inafahamika vyema, yaani kamusi kubwa ya Kiingereza iliyoanzishwa na Chama cha Filolojia cha London, kisha kuutazama kwa kifupi uzoefu wa Kiswahili.

Chama hicho kiliundwa mwaka 1842. Mwaka 1857 wanachama watatu, Richard Chenevix Trench, Herbert Coleridge na Frederick Furnivall, waliteuliwa kuwa kamati ya kutafuta maneno yaliyoachwa na kamusi za wakati ule. Upungufu waliouona ulikuwa mkubwa hata chama kikaamua kutunga kamusi mpya kabisa. Njia yenyewe ilikuwa nyepesi kueleza, nzito kutekeleza: wasomaji wa kujitolea wagawane vitabu, na kila mmoja anakili kwenye kikaratasi sentensi yenye neno linalohusika, pamoja na jina la kitabu, mwaka na ukurasa. Coleridge, mhariri wa kwanza, alifariki mwaka 1861 akiwa na umri wa miaka 30 tu, na mzigo ukamwangukia Furnivall.

Furnivall alikuwa mtu wa hamasa nyingi na utaratibu mchache. Alipoona kwamba maandishi mengi ya kale hayawezi kusomwa kwa kuwa hayajapigwa chapa, aliunda chama kingine mwaka 1864 cha kuyachapisha, na matoleo yake yanategemewa na wanafunzi wa Kiingereza cha kale hadi leo. Hilo ni tunda la kujitolea ambalo hakuna aliyekuwa amelipanda kwa makusudi. Lakini kamusi yenyewe ilizorota. Aligawa herufi kwa wasaidizi, na wengine wakachoka, wakahama au wakafa, huku vikaratasi vikibaki mikononi mwao au mwa jamaa zao. Mhariri mpya alipokabidhiwa shehena hiyo mwaka 1879, yapata tani mbili, alikuta panya aliyekufa ndani ya gunia moja. Vikaratasi vya herufi H vilipatikana Florence, nchini Italia. Ni dhahiri kwamba kazi ya kujitolea haina msamaha wa utaratibu. Pengine huuhitaji zaidi kuliko kazi ya kuajiriwa, kwa sababu hakuna mwajiri wa kuidai.

Mhariri huyo mpya, James Murray, ndiye anayeonyesha vizuri zaidi kile ambacho mwanachama hukipata. Alikuwa mtoto wa mshona nguo wa Uskoti, aliyeacha shule akiwa na umri wa miaka 14, akajifunza lugha nyingi peke yake, akafanya kazi ya benki London, kisha akawa mwalimu wa shule. Hakuwa na kiti katika chuo kikuu chochote. Ndani ya chama, hata hivyo, alikutana na Alexander Ellis na Henry Sweet, mabingwa wa fonetiki wa siku zile. Utafiti wake juu ya lahaja za Uskoti ya kusini ulipita mbele ya masikio makali kabla ya kuchapishwa mwaka 1873. Miaka michache baadaye alikuwa rais wa chama, na ni kwa njia hiyo alijulikana kwa wachapishaji wa Oxford waliomkabidhi kamusi. Wenzake walimpa mambo ambayo mtafiti wa pekee hayapati kwa urahisi: ukosoaji wa mapema na ushahidi kwamba anaaminika.

Mwaka 1879 Murray alitoa wito akitaka wasomaji 1,000. Walioitika hawakuwa maprofesa peke yao. Edith Thompson, mwandishi wa historia, pamoja na dada yake, walipeleka maelfu ya dondoo, na Edith akasoma prufu kwa miaka mingi; Oxford yenyewe haikuwapa wanawake digrii hadi mwaka 1920. Fitzedward Hall, Mmarekani mjuzi wa Kisanskriti, alizifanyia prufu kazi kama saa nne kila siku, kwa miaka ipatayo ishirini, bila kuonana na Murray hata mara moja. Barua zilikuwa nyingi hata sanduku la posta likasimamishwa mbele ya nyumba ya mhariri. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1884 na ya mwisho mwaka 1928, miaka 13 baada ya Murray kufariki.

Kiswahili nacho kina historia yake. Chama cha UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1959, kiliendeshwa na watu waliokuwa na kazi nyingine za kuwapa riziki. Mathias Mnyampala, aliyekuwa mtumishi wa mahakama, alizikuza ngonjera akiwa kiongozi humo, na vitabu vya Ngonjera za UKUTA vikatolewa mwaka 1970 na 1971, yeye akiwa amekwisha kufariki. Bila chama, huenda ngonjera zingebaki kuwa ustadi wa mtu mmoja. Kupitia chama, ziliingia mashuleni. Nchini Kenya CHAKITA kiliundwa mwaka 1998, na mwaka 2012 kikafuata CHAUKIDU kinachowakutanisha wataalamu wa mabara mbalimbali. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki wana CHAWAKAMA, ambamo mtu aweza kujifunza kuendesha kongamano kabla hajapata kazi ya kwanza.

Faida ya usomaji wa miswada yastahili kutajwa peke yake, maana ndiyo inayodharauliwa zaidi. Anayesoma miswada ya wenzake huona hoja zikiwa bado zinavuja, hutambua istilahi zinazogongana, na akirudi kwenye makala yake mwenyewe huyaona makosa yale yale. Hakuna somo la uzamili linalomfundisha hayo kwa ukamilifu huo.

Hata hivyo, si haki chama kula muda wa vijana ilhali wakubwa wanavaa vyeo tu. Muhula wa katibu uwe na mwisho, na majalada yabaki ofisini, yasihifadhiwe chini ya kitanda cha mtu. Tena kamati za kupandisha vyeo zingeweza kuomba barua ya mhariri inayotaja idadi ya miswada ambayo mhadhiri ameisoma na tarehe alizoirudisha. Barua hiyo haina gharama, na aliyekaa na mswada wa mwenzake miezi minane ataonekana humo pia.