Kamba Fupi, Wakimbiaji Wawili

Oktoba 2000, katika Michezo ya Paralimpiki ya Sydney, Henry Wanyoike wa Kenya alikuwa amewaacha mbali wapinzani wake kwenye mbio za mita 5,000 za wasioona. Mwisho ulipokaribia, aliyeishiwa nguvu hakuwa yeye bali mwongozaji wake. Wanyoike, ambaye hakuuona mstari wa kumalizia, akamvuta mwenzake hadi wakaufikia. Akatwaa dhahabu.

Wanyoike alizaliwa mwaka 1974 Kikuyu, kaunti ya Kiambu, na alipoteza uwezo wa kuona mwaka 1995 baada ya kupata kiharusi. Miguu yake haikudhurika. Alichokosa ni mtu wa kukimbia naye. Miaka iliyofuata alimpata Joseph Kibunja, rafiki yake wa tangu utotoni, na mwaka 2004 wawili hao wakarudi kutoka Athens na dhahabu za mita 5,000 na 10,000.

Kazi ya mwongozaji inahitaji ufundi ambao mtazamaji hauoni. Katika kundi la T11, la wasioona, wakimbiaji huvaa kitambaa cha kuziba macho, ili hata anayehisi mwanga kidogo asipate nafuu. Kila mmoja huunganishwa na mwongozaji wake kwa kamba isiyovutika, ambayo kwa kanuni za kimataifa haizidi sentimita 30 hata ikinyooshwa. Umbali huo ni mdogo mno, hivyo mikono ya wawili hao hulazimika kupunga pamoja na hatua zao kulingana. Mmoja akichelewa kidogo tu, mwenzake hupoteza mwendo. Mwongozaji haruhusiwi kumvuta mkimbiaji, wala kuvuka mstari kabla yake. Ndiyo maana anatakiwa awe na kasi kumzidi yule anayemwongoza: lazima abaki na pumzi ya kusema.

Naye husema kwa ufupi. “Kona kushoto.” “Tuta, hatua tatu.” “Mteremko.” Barabarani, nje ya uwanja, orodha hurefuka: mtaro usiofunikwa, bodaboda iliyoegeshwa njiani, tawi lililoinama usawa wa uso. Hilo la mwisho ndilo wanaoanza husahau zaidi, kwa kuwa mtu huzoea kutazama pale anapokanyaga.

Kanuni hazina huruma. Septemba 2024 mjini Paris, Mhispania Elena Congost alikuwa anamalizia marathoni akiwa wa tatu. Zikiwa zimesalia hatua chache, mwongozaji wake alikamatwa na misuli ya mguu, akayumba. Congost akaiachia kamba kwa muda mfupi amshike asianguke. Alienguliwa, na medali ya shaba ikaenda kwa mwingine. Sababu ya kanuni inaeleweka, maana bila kamba hakuna uthibitisho kwamba wawili wanakimbia kama kitu kimoja. Lakini ni vigumu kukubali kwamba kumdaka mtu anayeanguka kulimpa mkimbiaji huyo faida yoyote.

Wengi wanaohitaji mwongozaji hawatafuti medali. Wanataka kukimbia kilomita tatu kabla ya kwenda kazini, kama jirani yao anavyofanya. Mjini New York, Dick Traum, aliyekatwa mguu, alianzisha mwaka 1983 klabu ya Achilles, ambako watu wa kujitolea hufanya mazoezi na wakimbiaji wenye ulemavu, wasioona wakiwemo. Mpango wa namna hiyo hauhitaji jengo wala fedha nyingi. Unahitaji ratiba, na watu wanaoiheshimu.

Hapo ndipo penye ugumu. Mtu wa kujitolea akikosa kufika saa kumi na mbili asubuhi, mwenzake hana njia ya kukimbia siku hiyo. Kwa hiyo ni vyema kila mkimbiaji awe na waongozaji wawili au watatu wa kupokezana, na yeye mwenyewe ndiye apange kasi na umbali.

Klabu ya mbio ya mtaa, kule Eldoret, Arusha au Mombasa, inaweza kuanzia kwenye uwanja wa shule. Wanaojitolea wafungwe macho kwanza na kuongozwa wakitembea, kisha wakikimbia polepole, wajue kamba inavyosema ikikazwa na ikilegezwa. Baada ya hapo wamuulize mkimbiaji asiyeona maswali mawili: anapenda mwongozaji akae upande gani, na anataka kuambiwa mambo mengi au machache.