Namba ya TSC kwanza: masharti ya kushika darasa kwa muda

Makubaliano ya pamoja ya walimu ya mwaka 2021 yaliongeza likizo ya uzazi kutoka siku 90 hadi 120. Muda huo unapita muhula mmoja, na wanafunzi hawawezi kukaa bila somo hadi mwenyewe arudi. Ndiyo maana Bodi za Usimamizi wa shule za umma nchini Kenya huajiri mwalimu wa kujaza pengo. Wengi wanaoitwa ni vijana waliohitimu karibuni, na baadhi yao hupoteza nafasi hiyo kwa kukosa hati moja tu.

Hati hiyo ni cheti cha usajili. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Tume ya Huduma kwa Walimu ya mwaka 2012 kinakataza mtu yeyote kufundisha bila kusajiliwa. Sheria haimtengi mwalimu wa muda, hata kama anayemlipa ni bodi na si Tume. Mwalimu mkuu anayemwambia kijana aanze kazi na kujisajili baadaye humweka pabaya yeye mwenyewe pamoja na shule.

Maombi ya usajili hufanywa kwenye mtandao wa TSC. Mwombaji huambatisha kitambulisho cha taifa, PIN ya ushuru, picha, vyeti vya shule na vya ualimu, fomu ya uchunguzi wa afya iliyojazwa na daktari, na cheti cha maadili mema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai. Cheti hiki cha mwisho ndicho kinachowachelewesha wengi. Huombwa kupitia eCitizen, kisha mwombaji hufika mwenyewe kuchukuliwa alama za vidole. Ni busara kuanza nacho. Majina nayo yakaguliwe mapema: jina lililoandikwa tofauti kwenye kitambulisho na kwenye cheti cha KCSE hulazimu maelezo ya kisheria.

Kwa mwenye shahada anayetaka kufundisha sekondari, hutakiwa wastani wa C+ katika KCSE na C+ katika masomo mawili atakayofundisha. Aliyesomea fani nyingine, mathalani sayansi au biashara, huhitaji kwanza stashahada ya uzamili ya elimu. Waliosoma nje ya nchi hutakiwa shahada zao zitambuliwe hapa nchini kabla ya kuomba.

Usajili si ajira. Namba ya TSC humruhusu mtu kufundisha. Haimwingizi katika orodha ya mishahara ya Tume. Malipo ya mwalimu wa bodi hutegemea mfuko wa shule husika, na hutofautiana sana baina ya shule na shule. Kwa hiyo suala la malipo liulizwe kabla ya kipindi cha kwanza, ingawa wengi huona haya kuliuliza.

Hapo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ina msaada: kazi ya miezi mitatu au zaidi sharti iwe na mkataba wa maandishi. Anayeshika darasa kwa siku 120 yumo ndani ya sharti hilo. Mkataba utaje mshahara, siku ya kulipwa, masomo, na tarehe ya kumalizika, na mwalimu abaki na nakala yake.