Printa haioni simu ya kaunta? Piga hesabu kabla hujanunua nyingine

Ni Jumamosi jioni na foleni imefika mlangoni. Mteja amelipa, pesa zimeingia kwa till yako, lakini printa imekataa kutoa risiti. Unaizima, unaiwasha, wapi! Jirani anakwambia ununue mpya. Ngoja kwanza.

Angalia mipangilio ya mtandao kwenye vifaa vyote viwili. Tuseme simu ya kaunta iko kwa 192.168.1.70, printa iko kwa 192.168.1.20, na maski ya mtandao ni 255.255.255.192. Kwa macho, simu na printa ni majirani kabisa. Kumbe sivyo.

Vifaa hivi vinajua 0 na 1 pekee. Kila sehemu ya anwani ina nafasi nane zenye thamani hizi: 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2, 1. Chukulia ni noti nane, kila aina unayo moja tu. Sasa lipa 70 kamili. 128 imezidi, andika 0. 64 inaingia, andika 1, zimebaki 6. 32, 16 na 8 zimezidi, andika 0 mara tatu. 4 inaingia, 2 inaingia, deni limeisha. Noti ya 1 haihitajiki, andika 0.

Fanya hivyo kwa zote:

70 = 01000110
20 = 00010100
192 = 11000000

Penye 1 kwenye maski, anwani zote mbili lazima zifanane. 255 ni 1 nane tupu, kwa hivyo sehemu tatu za kwanza lazima zilingane, na zinalingana. Sehemu ya mwisho, 192 ina 1 mbili mwanzoni. Simu inaanza na 01, printa inaanza na 00. Ziko mitandao tofauti, ndiyo maana hazionani.

Dawa yake ni kuipa printa namba kati ya 65 na 126 ambayo hakuna kifaa kingine kinatumia, hata ruta. Mfano 75, yaani 01001011. Inaanza na 01, sawa na simu. Kisha jaribu kuchapisha tena.

Ukiita fundi akusaidie, mwonyeshe hesabu hii. Ila PIN yako usimpe: kubadilisha anwani ya printa hakuhitaji PIN, na sisi pia hatutawahi kukuuliza.