Kompyuta Yakagua, Binadamu Ahukumu

Kila askari anakijua kimya kinachoingia katika gwaride wakati sajini anapochungulia ndani ya mtutu wa bunduki. Sajini hataki maelezo. Atazama kama mtutu ni safi, basi. Wanafunzi wa somo la kompyuta liitwalo CS50, katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, nao hukaguliwa vivyo hivyo, ila sajini wao ni programu yenye jina la check50.

Zoezi lao mojawapo la mwanzo laonekana la kitoto. Mwanafunzi huandika programu inayouliza kimo, kuanzia 1 hadi 8, kisha huchora piramidi ya kimo hicho kwa alama za reli. Akimaliza, huomba ukaguzi. Mkaguzi huitia programu hiyo 1, kisha 2, kisha 8, na kulinganisha kila mstari na kila nafasi tupu. Pia hufanya uchokozi: huitia 0, huitia -1, huitia hata neno la ovyo mahali pa nambari. Programu imara hukataa na kuuliza upya. Penye usahihi hutokea alama ya uso wa kijani unaotabasamu. Penye kosa, uso mwekundu ulionuna. Kwetu sisi uchokozi huo ndio mtihani wenyewe, kwani adui naye hafuati ratiba ya mazoezi.

Wazo hili si la jana. Mwaka 1960 mwalimu Jack Hollingsworth wa chuo cha Rensselaer, New York, alieleza jinsi mashine ya IBM 650 ilivyosahihisha kazi za wanafunzi zilizotobolewa katika kadi.

Lakini check50 haitambui mkono ulioandika. Piramidi ya wizi husimama wima sawa na ya halali. Hapa twaingia katika uwanja wa ndugu zetu polisi. Mwaka 1994 mtaalamu Alex Aiken alibuni programu iitwayo Moss, ambayo hukata kila kazi vipande vifupi, hugeuza vipande kuwa nambari, na kuhifadhi baadhi ya nambari hizo kama alama za vidole. Kisha alama za darasa zima hulinganishwa. Mnakili aliyebadili majina tu ni sawa na mwizi wa baiskeli aliyeipaka rangi akaisahau nambari ya fremu.

Hata hivyo Moss haimtii mtu hatiani. Kazi mbili zaweza kufanana kwa kuwa wote wawili walianza na vipande walivyopewa na mwalimu. Sharti mtu aketi, azisome zote mbili, ndipo aseme.

Mwaka 2014 wakuu wa CS50, chini ya mwalimu David Malan, waliongeza kanuni ambayo baadhi ya wenzetu wataiona ya ulegevu. Mwanafunzi aliyekosa, akijisalimisha mwenyewe katika saa 72, aweza kupoteza alama za kazi ile, lakini shauri lake halipelekwi kwenye nidhamu ya chuo, ila akirudia. Sisi hatuioni ya ulegevu. Tulipokuwa makadeti tulishuhudia zoezi la ramani likinakiliwa usiku wa manane, saa chache kabla ya kukabidhiwa. Aliyenakili alikaa siku tatu bila usingizi, wala hakuwa na mlango wa kubisha.