Kumwagilia Miche na Nyasi Mpya Wakati wa Kiangazi

Wakazi wengi wa Kaunti ya Kilifi hupanda miti na nyasi za uani wakati wa vuli, kati ya Oktoba na Desemba. Hatari huanza Januari, kaskazi inapovuma, jua likiwa kali na mvua ikiwa haba hadi masika. Kwa familia inayonunua maji kwa mtungi, kila lita inapaswa kufika kwenye mizizi.

Kosa la kawaida ni kunyunyiza maji kidogo kila siku. Maji hayo hulowesha udongo wa juu tu, na kufikia adhuhuri yamekauka. Mizizi nayo hubaki juu juu, na mfereji ukikatika siku chache, mche hunyauka. Maji yakizama, mizizi huyafuata chini, na mti hujitegemea mapema.

Kwa mche wa mwembe, mkorosho au mwarobaini, mtungi wa lita 20 kwa wiki, ukigawanywa mara mbili, ni kianzio kizuri. Udongo wa kichanga ulio karibu na bahari hupitisha maji upesi, hivyo huenda ukahitaji mara tatu. Kabla ya kumwagilia, chimbua kando ya mche kwa kina cha kidole. Udongo ukiwa bado mbichi, subiri.

Zungushia mche tuta dogo ili maji yasitiririke, kisha tandaza nyasi kavu au makumbi ya nazi. Matandazo yasiguse shina, kwani huvutia mchwa na kuozesha gome. Mwagilia asubuhi mapema au jioni.

Ukoka uliopandwa karibuni ni tofauti: kwa wiki mbili za kwanza, udongo wa juu usikauke. Uvute taratibu, usipong'oka, umeshika mizizi. Hapo punguza siku za kumwagilia, lakini ongeza maji ya kila mara. Asiye na maji ya kutosha ni heri angoje masika ndipo apande nyasi.

Maji ya kusuuzia nguo yanafaa kwa miti, mradi hayana dawa ya kung'arisha. Yasitumiwe kwenye mboga zinazoliwa mbichi.

Kwa ushauri zaidi, mwone afisa wa kilimo wa wadi yako.